Kabla hujamwambia mwenzio kakonda

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kwa miaka mingi nimewapima wanawake wa kila namna: akina mama wa Ujiji wanaotaka madira, walimu wanaotaka suti za vitenge, maharusi, wajawazito, mabinti wa chuo. Tepu ikishazunguka kiuno, ulimi wa mtu hufunguka. Mmoja anauliza, "Nimeongezeka, eti?" huku anatabasamu, maana kwake kuongezeka ni dalili kwamba ndoa imemkaa vizuri. Mwingine anauliza hilohilo huku kabana tumbo, na nikimtajia namba ananisihi nikate kwa vipimo vya mwaka juzi, atapungua kabla ya harusi. Nimewahi kuwa na wateja wawili wa aina hiyo asubuhi moja, na wote viuno vyao vilikuwa inchi 40. Mmoja anajisifu, mwingine anajichukia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima presha wala sukari.

Hilo ndilo linaloniuma. Mwili wa mtu tumeugeuza salamu. Tunakutana sokoni, kabla hata ya "shikamoo" kuitikiwa, tayari mtu kashaambiwa kanenepa, kakonda, kapauka, kanawiri. Sifa zetu na kejeli zetu zote zinampeleka mtu kwenye kioo, wakati alipaswa kwenda kituo cha afya.

Wazee wetu waliposifu unene walikuwa na sababu. Walioishi miaka ya chakula cha shida walijua mwili uliojaa maana yake ghala lina kitu. Mke akinenepa, sifa zilikwenda kwa mume: anamtunza. Mzazi akitoka arobaini mashavu hayajajaa, mama mkwe ndiye aliyesemwa kwamba hakumpikia. Mpaka leo ukienda kumwona mzazi unakuta chupa ya uji, mchuzi wa kuku, chai ya maziwa, na kila anayeingia anamhimiza ale tena. Ni upendo, na mzazi anayenyonyesha kweli anahitaji chakula zaidi. Shida inaanza arobaini inapokwisha na sahani ikabaki ileile, kisha mimba nyingine ikafuata, na uzito wa kwanza haujatoka.

Halafu ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hapo katikati imepita miaka ishirini na zaidi ya kuwaona watu wetu wakikauka mpaka nguo zinawavaa wao. Sidhani kama kuna ukoo hapa Kigoma ambao haukuzika. Kukonda kukawa hukumu. Mtu akipungua kidogo tu, watu wanahesabu mumewe alifariki lini, alisafiri wapi, alikuwa na nani. Na aliyebaki na mwili wake aliushikilia, maana ndio uliomwepusha na midomo. Hofu hiyo haijatutoka, ingawa siku hizi mwenye virusi anayemeza dawa vizuri anaweza kuwa mnene kuliko sisi sote, na umbo halikuambii chochote.

Wakati tunaendelea kuogopa wembamba, miili yetu imekwenda upande mwingine. Tafiti za kitaifa zilionyesha kwamba mwaka 2010 wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, walikuwa asilimia 22. Utafiti wa 2015-16 ukakuta asilimia 28. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane alikuwa na unene uliokithiri. Mimi sihitaji kwenda mbali, daftari langu la vipimo linaniambia. Kitenge cha yadi tatu kilichotosha gauni la mtu na kilemba chake sasa kinatosha gauni tu.

Sababu tunaziona kwa macho. Mama yangu alikuwa akitoka Ujiji kuja mjini kwa miguu na mzigo kichwani. Mimi nikitaka kwenda hapo chini stesheni, bodaboda zinagombania kunibeba. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu nimeifunga mota. Chipsi mayai ziko kila kona. Na soda, jamani. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ukiufuata vizuri, sukari ya kuongezwa kwa siku nzima ingeishia kama vijiko sita. Kwenye sherehe zetu mtu anawekewa soda mbili mezani kabla hajakaa sawa, na asiyezinywa anaonekana anaringa.

Mabinti nao wamepata mzigo mpya. Simu zinawaambia wawe na tumbo bapa na nyonga kubwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wananunua dawa za kunenepesha makalio, na wengine chai za kukata tumbo. Wanangu, nisikilizeni. Vidonge vingi vinavyouzwa kienyeji kwa kazi hiyo ni dawa za hospitali za kutibu mambo mengine kabisa, kama deksamethasoni. Ukizimeza ovyo zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa, na uso unajaa maji ukadhani umependeza. Ukizitumia muda mrefu kisha ukaacha ghafla, mwili unaweza kuzimia, kwa sababu umeshaacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Aliyekwisha kuzitumia aende kwa daktari amsaidie kuziacha taratibu. Na chai za tumbo nyingi ni sanamaki au jamaa zake. Unaharisha, unapoteza maji na chumvi za mwili, mizani inashuka kwa siku mbili, mafuta yako yako palepale.

Sasa nieleze yangu. Presha yangu iligundulika nilipokwenda zahanati kwa ajili ya kitu kingine. Ilikuwa imepita 140 kwa 90, wakarudia siku nyingine, ikawa vilevile. Sikuwa naumwa popote, na ndivyo presha ilivyo. Mganga alinieleza jambo lililonipa moyo: si lazima niwe mwembamba. Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kutengemaa. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa, basi. Nikapungua polepole, kama mwaka mzima.

Kupunguza chakula hakukunisumbua kama kupungua mbele za watu. Wateja walianza kunipa pole. Wifi yangu alinivuta pembeni msibani akaninong'oneza, "Wifi, umeshapima kweli?" Mama mkwe, ambaye yuko Kasulu, alimpigia mwanawe simu kumuuliza kama mkewe anakula. Wengi wanaojaribu kupungua hapa kwetu hukwama mahali hapa: wanarudia sahani kubwa ili wasisemwe.

Dawa niliyoiona inafaa ni kusema mapema na kusema wazi. Wifi nilimjibu palepale, "Nimepima, ni presha, mganga kanitaka nipungue. Na wewe twende ukapime." Hakuwa na la kuongeza, na wiki iliyofuata tulikwenda wote. Kwa mama mkwe nilifunga safari na kadi yangu ya kliniki. Nikamwamkia, nikala ugali wake wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, sikususa, ila nilijikatia tonge kiasi. Alipouliza, nikamkumbusha mdogo wake aliyepata kiharusi. "Mama, ni presha ileile ya mama mdogo. Ndiyo ninayoikimbia." Alinyamaza sana. Tangu hapo mtu akimwambia mkwe wake kakonda, anamjibu yeye mwenyewe kwamba mkwe wake yuko kwenye matibabu. Ukitaka kupungua, mtafute mtu mzima mmoja katika ukoo mwenye sauti, umweleze ukweli wako kabla wengine hawajautunga. Atakusaidia kuliko chai yoyote.

Kuhusu kujipima, nitakupa ninachowafundisha wateja wangu, maana mizani si kila nyumba inayo. Chukua uzi mgumu usiovutika. Simama bila viatu, mtu akupimie kuanzia kisigino mpaka utosini, kata hapo. Sasa ukunje uzi huo katikati, pande zote mbili sawa. Tafuta kwa kidole ubavu wa chini kabisa, kisha tafuta mfupa wa nyonga unapoanzia kwa juu. Katikati ya hapo ndipo pa kuzungushia. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo wala usilisukume nje. Ncha za uzi uliokunjwa zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa mtu mzima, mke kwa mume. Zisipokutana, nenda kapime presha na sukari, usisubiri dalili. Mjamzito hahusiki na kipimo hiki.

Anayependa namba: kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu hivi, na huongezeka sana kikipita 88, karibu inchi 35. Kwa mwanaume ni 94 na 102, sawa na inchi 37 na 40. Usichukue kiuno cha fundi, sisi tunapima pale sketi itakapokaa, na wengi wanapenda ikae juu, palipo pembamba. Na ujue kwamba mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Nyonga pana za kurithi kwa bibi yako, kiuno kikiwa kizuri, hazikudhuru kama kitambi kinavyodhuru. Akina baba wanaoshika vitambi vyao wakacheka kwamba ni pesa, hapa nawasema na ninyi.

Chakula, sitaki mtu aniambie niache chakula cha kwetu. Samaki wetu migebuka, dagaa, maharage, sombe, mchicha, hivyo ndivyo vitu vya kujaza sahani. Nilichobadilisha ni mafuta na ugali. Zamani mawese nilimimina kutoka kwenye chupa mpaka sombe ing'ae. Sasa napima kwa kijiko. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, ni kweli, lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda. Mgebuka nauchemsha kwa nyanya na limao mara nyingi kuliko kuukaanga. Ugali nimeupunguza, mboga nimeiongeza mpaka ichukue nusu ya sahani. Kwenye sherehe naomba maji. Na stesheni nashuka kwa miguu, napandisha kwa miguu chini ya miembe ya barabara ya Lumumba. Zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki wanazozisema wataalamu zinapatikana humohumo, bila ada ya jimu.

Wanaume na wanawake wanaokimbia alfajiri kwa vikundi nawapenda, waendelee. Ila nimewasikia baadhi yao wanawazomea wanene njiani, na hilo silikubali hata kidogo. Nina mtoto wa dada yangu aliyeitwa "bonge" shuleni mpaka akaacha kwenda kwenye michezo, akawa anakula kwa kujificha. Mtu aliyeaibishwa hapungui, anajifungia. Kwa mtoto, badilisha chakula cha nyumba nzima, soda isiingie ndani, acheze na wenzake nje, na jina lake aitwe alilopewa na wazazi. Mafundi wenzangu nao nawaomba: namba ya kiuno iandike kwenye daftari, usiitangaze mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi.

Limebaki moja ambalo sitaki litafsiriwe vibaya. Kuna kupungua kunakotisha kweli. Mtu hajakusudia, anakula kama kawaida, na nguo zinamlegea. Anakohoa zaidi ya wiki mbili, analowa jasho usiku, au anakunywa maji na kukojoa kila saa. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa virusi, na yote hayo yana matibabu akiwahi. Mtu huyo usimwambie njiani mbele ya watu kwamba kakonda. Nenda kwake jioni, kaeni wawili, umwambie, "Dada, kesho asubuhi naenda kupima presha, nisindikize tupime wote." Kisha kesho yake umpitie mapema.