Haditeli yako ya kwanza: tazama fremu na foki kabla ya kuhesabu gia

Kila mtu anaponitumia picha ya baiskeli anayotaka kuinunua, huniuliza swali lile lile: ni nzuri hii, ina gia nyingi? Nami humrudishia la kwangu: foki yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ya springi au ya hewa, na bomba la mbele la fremu likoje? Mnyororo, gia, pedi za breki, tairi na tandiko vyote vitachakaa, na vikichakaa utavibadilisha kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Fremu utakaa nayo miaka, na ndiyo inayoamua huko mbele utaweza kufunga foki gani na magurudumu gani. Kwa hiyo ninachomshauri anayeanza ni hiki: pesa yako itangulie kwenye vitu vigumu kubadilisha.

Haditeli, kwa asiyeijua, ni baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu. Nyuma fremu imekaza, hakuna kinachobonyea. Kwa kroskantri, ambako unapanda na kushuka kwenye vijia vya msituni vyenye mizizi na mawe, na saa nyingi zinaishia kwenye kupanda, naiona ndiyo chaguo bora la kuanzia. Ni nyepesi, haina beringi na viungo vya nyuma vya kuhudumia, na kwa bei ile ile unapata vifaa bora kuliko baiskeli yenye shokapu mbili, kwa kuwa hujalipia ile ya nyuma. Halafu inakufundisha kuchagua njia. Ukipita pabaya, miguu inakwambia hapo hapo.

Kabla ya yote, ikutoshe. Fremu isiyo saizi yako haina dawa. Kubadilisha stemu, kile kipande kinachoshika usukani, au kusogeza tandiko kunasaidia kidogo tu. Usiridhike na herufi iliyobandikwa kwenye bomba, M au L, maana M ya kiwanda kimoja yaweza kuwa sawa na L ya kingine. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu yenyewe, uangalie umbali wa mlalo kutoka katikati ya krenki, ile mikono inayobeba pedali, hadi juu ya bomba la mbele. Kipimo hicho ndicho kinachokuonyesha utajinyoosha kiasi gani ukiwa umesimama kwenye pedali, na kwenye kroskantri utasimama sana. Kisha panda. Kaa kwenye tandiko, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukihamishia mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo urefu wa tandiko uko karibu na sawa. Sasa shika usukani. Viwiko vikikaza kwa kuufuata, fremu ni ndefu. Magoti yakikaribia kugonga mikono unapokata kona, ni fupi. Mwisho shuka usimame ukiwa umeipitisha katikati ya miguu, uhakikishe kuna nafasi ya kutosha kati yako na bomba la juu la fremu. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, ziendeshe zote mbili kabla ya kuamua, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Ukubwa wa magurudumu usikuumize kichwa. Ubishi wa inchi 27.5 na 29 ulikuwa mkali zamani: kwenye kroskantri ya Olimpiki ya London mwaka 2012 mwendesha baiskeli Nino Schurter alipata medali ya fedha akiwa na 27.5, nyuma kidogo tu ya Jaroslav Kulhavý aliyekuwa na 29. Miaka minne baadaye, Rio, Schurter alichukua dhahabu akiwa naye yuko juu ya 29. Leo kroskantri ni 29, kwa sababu gurudumu kubwa linavuka mizizi na mashimo kwa urahisi zaidi. Mtu mfupi anayehitaji fremu ndogo sana anaweza kuwa huru zaidi kwenye 27.5. Inchi 26 ziache, maana tairi nzuri za saizi hiyo zinazidi kuadimika.

Sasa foki, na hapa naomba usome polepole.

Foki za bei ya chini hutumia springi ya chuma, na uzito wake mara nyingi hufika kilo 2.5 au kupita. Springi ile imechaguliwa kwa ajili ya mtu fulani wa wastani. Ukiwa mwepesi haibonyei, ukiwa mzito inabonyea hadi mwisho na kugonga. Foki ya hewa unaijaza kwa pampu yake maalumu hadi ikufae wewe, na inakupunguzia uzito pale mbele, mahali unapoinua kila ukivuka gogo. Kwa kroskantri tafuta foki inayobonyea milimita 100 hadi 120. Zaidi ya hapo unabeba kitu usichokihitaji, na baiskeli inakuwa nzito kuielekeza unapopanda.

Kuipanga si kazi kubwa. Kwenye mguu wa foki mara nyingi kuna kipete cha mpira. Kama hakipo, funga kamba nyembamba ya plastiki. Kisukume kipete chini kabisa, panda ukiwa umevaa vitu vyako vyote, simama kwenye pedali bila kurukaruka, kisha shuka taratibu. Pima kipete kimepanda kiasi gani. Kwa foki ya milimita 100, milimita 20 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kikipanda zaidi, ongeza hewa; pungufu, itoe. Baada ya hapo geuza kitufe cha kurudi, kile kilicho chini ya mguu wa foki. Bonyeza usukani kwa nguvu na kuuachia: gurudumu la mbele likiruka kutoka ardhini, foki inarudi haraka mno, ikipanda kivivu, itashindwa kujiandaa kwa jiwe linalofuata. Foki isiyo na kitufe hicho huwezi kuirekebisha namna hiyo, na ndiyo maana nakiangalia kabla ya rangi, kabla ya stika, kabla ya kila kitu.

Kama bajeti yako haifiki foki ya hewa, usikate tamaa. Nunua yenye springi, lakini kwenye fremu itakayokubali foki nzuri kesho. Bomba la mbele liwe linapanuka kuelekea chini, kwa ajili ya shingo ya foki, sehemu yake inayoingia ndani ya fremu, yenye inchi 1⅛ juu na 1½ chini. Foki nyingi bora za leo zina shingo hiyo. Bomba jembamba lililonyooka, la kipimo kidogo juu hadi chini, halitaipokea, na hapo umejifungia mlango. Nyuma tazama ekseli, yaani mhimili wa gurudumu. Ile nene ya milimita 12 inayopenya fremu na kukazwa kwa nyuzi, yenye upana wa milimita 148, inashika gurudumu imara, na magurudumu mazuri ya leo yametengenezwa kwa ajili yake. Ile nyembamba ya kufungua kwa mkono inafanya kazi, ila chaguo la magurudumu bora kwayo linazidi kuwa finyu.

Kuna kitu kingine cha nyuma ambacho muuzaji hatakutajia: habu, yaani kitovu cha gurudumu. Baiskeli nyingi za gia saba nyuma huwa na gia za kuskurubu, yaani fungu zima la spoketi, zile duara za meno, linakazwa juu ya habu kama kifuniko. Kwa muundo huo beringi ya upande wa gia inakaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kitu cha kukiegemea. Mjini haina neno. Porini, kwa mtu anayeruka mizizi, ekseli inapinda na mwishowe inakatika. Niliwahi kumsaidia rafiki yangu kufungua gurudumu lake katikati ya msitu, baada ya kulalamika kwamba linayumba na kugusa fremu. Ekseli ilitoka vipande viwili. Gololi zikatumwagikia mkononi zikiwa zimejaa grisi nyeusi na chembe za chuma, na tukatembea kwa miguu hadi barabarani. Muulize muuzaji moja kwa moja: hii ni kaseti, yaani fungu la spoketi linaloteleza kwenye meno ya habu, au ni ya kuskurubu? Akisita, tafuta anayejua.

Tukija kwenye gia zenyewe, hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopumbazwa na namba. Chukua baiskeli ya "gia 21": spoketi tatu mbele, za meno 42, 34 na 24, na saba nyuma, kutoka 14 hadi 28. Gia nyepesi kabisa ni 24 kwa 28, gurudumu linazunguka mara 0.86 kwa kila mzunguko wa krenki. Nzito kabisa ni 42 kwa 14, mara 3. Sasa chukua nyingine yenye spoketi moja mbele ya meno 32, na kaseti ya 11 hadi 51. Nyepesi ni 0.63, nzito ni 2.9. Hii ya pili ina gia chache, lakini kwenye mlima mkali ndiyo itakayokufikisha juu, na kwenye tambarare huachwi mbali. Zile 21 nyingi zinarudiana tu. Juu ya hayo, spoketi moja mbele inamaanisha swichi moja, kebo moja, na mnyororo usiokwama kule mbele kwenye matope. Kaseti ya 11 hadi 46 ikiwa na 30 mbele nayo inatosha sana.

Jihadhari na pambo moja la kibiashara. Kihamisha gia cha nyuma ndicho kinachoonekana kwenye kila picha, basi viwanda vingine hufunga cha daraja la juu, kisha krenki, habu, kaseti na breki zinakuwa za daraja la chini kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Soma orodha yote ya vifaa hadi mstari wa mwisho. Seti ya vifaa ya Shimano Deore iliyo kamili ni bora kuliko jina kubwa moja lililozungukwa na vifaa visivyo na jina.

Breki ziwe za diski za mafuta. Zinakuruhusu kuvuta kwa kidole kimoja huku vingine vimeshika usukani, na kwenye mteremko mrefu mikono haichoki upesi. Usiogope matunzo yake. La muhimu ni kujua mfumo wako unatumia mafuta ya madini au ya DOT, aina nyingine ya mafuta ya breki, na kamwe usiweke moja badala ya jingine, yataharibu sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje. Pedi mpya zisipokamata siku ya kwanza usihamaki. Tafuta mahali salama, kimbiza baiskeli, punguza mwendo kwa breki hadi karibu kusimama, rudia mara nyingi, na nguvu itakuja.

Tairi zenye upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 zinafaa. Rimu na tairi zikiwa tayari kwa matumizi bila tyubu, shukuru, kwa sababu ndiyo mabadiliko ya kwanza ninayomsukuma kila mtu kuyafanya: unaendesha na upepo mdogo bila tyubu kubanwa kwenye rimu, na tairi inalalia jiwe badala ya kulidunda. Wengi huanzia karibu na psi 25 (kipimo cha presha ya upepo), nyuma ikizidi mbele kidogo. Mzito aongeze.

Iliyotumika? Ndiyo, tena mara nyingi ndiyo njia ya kupata fremu bora kwa pesa ile ile, ila uende kuitazama mchana. Pitisha kidole polepole kwenye miguu ya foki: mkwaruzo unaonasa kucha utakuwa unakula sili na kuvujisha mafuta. Kaza breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, mkono mwingine ukiwa umeshika pale shingo inapoingia kwenye fremu. Ukisikia mgongano, kuna beringi iliyolegea au iliyokwisha. Vuta krenki kushoto na kulia. Chunguza kila kiungo cha kuchomelea, hasa nyuma ya bomba la mbele na kuzunguka krenki, na usidharau ufa mwembamba kama unywele uliojificha chini ya rangi. Fremu ya kaboni ambayo huijui historia yake, mimi nampisha mwingine. Aluminiamu nzuri inatosha kabisa kwa mwanzo.

Nguzo ya tandiko ya kushuka na kupanda kwa kitufe haina haraka. Hakikisha tu fremu ina tundu la kupitishia kebo yake, utaifunga baadaye.

Ukishalipa, bakiza pesa ya helmeti, tyubu ya akiba, pampu na spana za kukunja. Na baada ya wiki chache za kwanza irudishe kwa fundi, maana spoku mpya hulegea na kebo hunyooka. Unaweza kuzipima spoku mwenyewe: zibane mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu lote, na ile inayobonyea kuliko wenzake muonyeshe.