DHT22 inaandika "nan" na kuzidisha joto: je, imekufa?

Swali: Fundi, nimeunganisha kihisi cha joto na unyevu cha DHT22, kile chenye miguu 4, kwenye ESP32, kile kibao cha kompyuta ndogo chenye Wi-Fi, kwa waya tatu tu, bila kitu kingine. Vyote nimevifunga ndani ya kijisanduku cha plastiki na ninasoma kila nusu sekunde. Mara kwa mara skrini inaandika "nan". Kikisoma, kinatoa nyuzi 30 na unyevu asilimia 50, wakati kipimo changu cha mezani, hapo hapo kando, kinatoa nyuzi 27 na asilimia 60. Ninunue kingine?

Jibu: Usinunue bado. Kwa namba hizo ulizonitajia, naamini kihisi chako ni kizima. Una matatizo mawili yasiyohusiana.

Tuanze na "nan", yaani "si namba". DHT22 hutuma biti 40 (yaani sifuri na moja) kwa waya mmoja, zikiwa baiti 5 za biti 8 kila moja: baiti 2 za unyevu, 2 za joto, na moja ya ukaguzi. Unyevu wa 60.0 na joto la 27.0 huzidishwa kwa 10 kuwa 600 (2 × 256 + 88) na 270 (1 × 256 + 14), hivyo huja hivi: 2, 88, 1, 14, kisha 105. Jumlisha nne za kwanza, utapata 105. Isipopatikana, programu hutupa kila kitu na kukuandikia "nan", na inafanya vyema, maana namba mbovu ni hatari kuliko kukosa namba.

Kinachoharibu biti hizo ni muda. Biti ya sifuri ni mpigo wa volti ya juu wa takriban maikrosekunde 26 hadi 28, moja ni takriban 70. Kihisi chenyewe huvuta waya wa data chini tu. Wa kuupandisha ni rezista, kile kijipande kinachozuia mkondo wa umeme, nawe hukuiweka. Vile vya miguu 3 vilivyokwisha kubandikwa kwenye kibao kidogo kwa kawaida huja nayo, cha miguu 4 hakina. Weka rezista ya omu 10,000 (hata 4,700 inafaa) kati ya mguu wa data na volti 3.3. Nasisitiza 3.3, si 5: pini za ESP32 hazikutengenezwa kupokea volti 5. Mguu wa tatu uache wazi. Kisha soma kila baada ya sekunde 2 au zaidi, kwa sababu kihisi hiki hakipimi upesi kuliko hapo.

Sasa joto. ESP32 ikiwasha Wi-Fi hupata moto, na ndani ya sanduku lililofungwa moto huo hauna pa kutokea. Kihisi kinapima kwa uaminifu hewa ya sandukuni, siyo ya chumba. Na hapa ndipo wengi hudhani unyevu nao umeharibika. Asilimia ile ni ulinganisho: mvuke uliopo dhidi ya mvuke ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Chukua hewa ya nyuzi 27 yenye asilimia 60, ipashe hadi nyuzi 30 bila kuongeza wala kupunguza tone la maji, nayo itasoma karibu asilimia 50. Ndiyo namba yako hasa! Kwa hiyo usiende kwenye programu kutoa nyuzi 3 na kuongeza asilimia 10. Marekebisho hayo yatakudanganya siku Wi-Fi ikizimwa. Toa kihisi nje ya sanduku kwa waya mfupi, kikae chini au ubavuni mwake, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na tundu zake zielekee penye hewa inayopita.

Tofauti ya nusu nyuzi na asilimia 2 hadi 5 ikibaki, iache, ndiyo usahihi wa DHT22.

Baadaye ukitaka kusoma mara moja kwa saa, fahamu kwamba kihisi hiki hukupa kipimo cha mara iliyopita. Soma mara mbili kwa kupisha sekunde 2, tupa cha kwanza, hifadhi cha pili.