Muulize Fundi: Mwanangu atishwa na mtu wa kwenye gemu, babake ataka kuivunja simu

Swali: Fundi asalam aleikum. Mie niko Barani hapa Malindi, nna kijana wangu wa miaka 13, yuko gredi ya saba, jioni humpa simu yangu acheze Free Fire na wenziwe. Juzi naangalia M-Pesa naona shilingi 500 zimetoka kwenda kwa namba siijui, kumuuliza akaanza kulia. Kumbe kuna "msichana" alokutana naye huko kwa gemu, akamwambia yuko Kilifi, wakahamia WhatsApp, huyo akatuma picha za uchi na kijana naye akajibu kwa yake, hapo hapo mambo yakageuka, sasa adaiwa 5,000 ama picha iende kwa grupu la darasa. Babake yuwataka kumchapa na simu aivunje. Nifanyeje, na hii aibu naipeleka wapi?
Mama Kijana, Barani

Jibu: Aleikum salam mama, pole sana. Kabla ya jengine lolote iondoe hiyo simu mikononi mwa babake, maana ushahidi wote umo mle, ile chati, ile namba, ile mesej ya M-Pesa, akiivunja atakuwa amemfanyia kazi huyo jambazi. Na msilipe tena hata ndururu. Hawa ukiwapa wajua pesa zipo, kesho warudi na dau kubwa zaidi.

Tena huyo usimhesabu kuwa ni msichana wa Kilifi. Aweza kuwa lijitu lizima, aweza kuwa genge zima limekaa chumbani na simu zao, na zile picha "zake" ni za mtu mwengine kabisa. Sisi huku pwani tumezoea kumuogopa mgeni wa ufukweni, na si bure, utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006 kuhusu utalii wa ngono na watoto ulifika hadi hapa Malindi, lakini huyu wa sasa hana haja ya kupanda ndege, aingia kwa bando la shilingi 20 na huenda Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

Sasa fanya hivi, leo leo. Piga skrinshoti za vitisho, jina lake la gemu na ID yake, namba ya WhatsApp, na ile mesej ya M-Pesa. Picha za mtoto mwenyewe usizipige skrinshoti wala usimtumie ami yake, wala mie ati nizitazame, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kifungu cha 24 yamshika yeyote anayesambaza picha ya ngono ya mtoto, faini hadi milioni 20 ama jela hadi miaka 25 ama vyote viwili, na hiyo hiyo ndo inayomngoja anayemtisha mwanao. Ukishaweka ushahidi wako ndo umripoti ndani ya WhatsApp na ndani ya gemu kisha umbloki, usianze kujibizana naye, na usijifanye wewe ndo kijana ati umtegee mtego, hiyo kazi waachie wenyewe.

Halafu piga 116, hiyo ni Childline Kenya, yashikwa saa 24 na ni bure, hata simu haina kredo yapita. Kisha nenda kituo cha polisi uulizie dawati la jinsia na watoto, usitoke hapo bila namba ya OB, lile daftari la polisi la kuandikia ripoti, ukiona wakuzungusha njoo kesho njoo kesho DCI, wale wapelelezi wa jinai, nao wana laini yao ya bure 0800 722 203. Ile namba ilopokea 500 imesajiliwa kwa kitambulisho, huenda ni kitambulisho cha mtu mwengine, lakini ni pa kuanzia.

Kuhusu picha kusambaa, kuna huduma ya bure yaitwa Take It Down, ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Kijana aingia, aichagua ile picha kwenye simu, na picha yenyewe haitoki, kinachotoka ni alama ya kidijitali tu, kisha Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat wakikutana na picha yenye alama ile waizuia. Kwa WhatsApp haisaidii, chati za kule zimefungwa kwa msimbo, mtu wa kati hazioni. Kwa hiyo mwendee mwalimu wa darasa mapema, si lazima umpe kisa chote, mwambie kuna mtu atisha watoto na picha, ikiingia ifutwe, asiipeleke mtu mbele.

Nirudi kwa mzee wako. Haki ya kukasirika nampa, lakini amkasirikie nani? Mtaji wa huyo jambazi ni mmoja tu, kwamba mtoto awaogope wazazi kuliko anavyomuogopa yeye. Kijana wako alichezea M-Pesa yako kimyakimya kwa kuwa aliona kichapo ndo balaa kubwa zaidi. Mkimchapa leo na wadogo zake wanaona basi na wao siku yao ikifika watanyamaza. Sisemi asiulizwe hizo 500, aulizwe, ila si wiki hii. Wiki hii msimwache peke yake usiku, mwulize waziwazi kama ana fikra za kujidhuru, kumuuliza hakumtii wazo hilo, na akisema ndiyo basi mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Aibu ni ya huyo jambazi, mama. Najua kwetu mambo ya nyumba husitiriwa, na mtoto msitirini kweli kweli, jirani hana haja ya kujua, lakini mkiwaficha hata polisi, basi mwamsitiri jambazi.

Swali: Fundi, binti yangu wa miaka 9 aliletewa tableti na ami yake kutoka Oman. Nataka uniwekee loku kila kitu.
Baba, Mkomani, Lamu

Jibu: Kila kitu hakifungiki, nisikudanganye nikala pesa yako. Weka Family Link ya Google, ni bure, kila programu anayotaka kuingiza itakuomba ruhusa wewe, na usiku yaweza kujifunga yenyewe. Chati haisomi. Na akitoka hapo aenda barazani kwa simu ya binamuye isiyo na hata paswodi, kwa hiyo ongea na hao wa barazani pia. TikTok mwondolee, yataka miaka 13. Wengi huwafungulia watoto kwa mwaka wa kuzaliwa wa mama, sasa wale wa chini ya 16 TikTok haiwapi mesej za faragha na akaunti zao huwa za faragha tangu mwanzo, mtoto akijiandika 1988 ulinzi wote huo hana. WhatsApp ya kaka zake ingia seting, faragha, makundi, uweke wa kuwaingiza kwenye makundi wawe wale waliomo kwenye simu zao peke yao.

Swali: Tukiweka picha za wanafunzi wetu za zefe la Maulidi kwa Facebook kuna ubaya?
Mwalimu wa chuo, Langoni

Jibu: Ubaya ni kutouliza. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yataka ruhusa ya mzazi, na 2023 shule moja pande za Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ya ruhusa hiyo. Chukua ruhusa kwa maandishi, usiandike majina, na picha ya mtoto mmoja mmoja uso mzima kaa nayo mwenyewe, ya kundi kwa mbali yatosha, zefe lenyewe laonekana.

Na wewe wa Faza ulietumbukiza simu baharini, jibu lako toleo lijalo, ila kwa sasa itoe kwenye huo mchele.