Ringi mpya haziponyi silinda iliyochoka

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeachiwa na marehemu baba Honda CG125 iliyokaa stoo miaka mingi. Nimekuwa nikiifufua mwenyewe kila Jumamosi: nimesafisha kabureta, nimebadilisha platini na nyaya, sasa inawaka kiki ya pili. Ila asubuhi inatoa moshi wa bluu, halafu nikishuka mlima na kufungua mafuta tena, inatoa wingu. Fundi wa mtaani kaniambia silinda ipigwe msasa nitie ringi (pete za pistoni) mpya, au niweke oili nzito. Je, ninunue ringi gani?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Usinunue ringi yoyote kwanza.

Moshi wa asubuhi na wa kushuka mlima mara nyingi hutoka juu, kwenye sili za valvu na gaidi zake, yaani mirija ambamo valvu huteleza. Usiku oili inachuruzika polepole pembeni ya valvu. Mlimani ukifunga mafuta, injini inaivuta kwa nguvu. Ringi zikichoka, moshi hufuata mzigo: unapanda na abiria nyuma, nao unazidi. Hakikisha hivi: pima mgandamizo kwa geji, kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, pima tena. Ukipanda sana, ringi au silinda imechoka. Usipopanda, ringi bado zinafunga, na pesa yako iende kwenye valvu.

Sasa huo msasa. Hili linaniuma, maana naletewa majeruhi wake kila mwezi. Majuzi kijana kaleta bloku iliyopigwa msasa kwa mkono, ringi mpya zimefanya kazi wiki tatu tu. Niliingiza kidole, nikapandisha ukucha kuelekea mdomo wa silinda, ukakwama kwenye ngazi. Ringi haifiki mdomoni kabisa, kwa hiyo chuma hulika chini ya pale na kuacha ukingo. Ringi mpya yenye kona kali inagonga ukingo huo. Ya juu ilikuwa imevunjika vipande viwili, na pistoni imechanika ubavu mzima.

Tena silinda hailiki kwa mviringo. Inalika zaidi upande pistoni inapoegemea, inakuwa na umbo la yai, na msasa wa mkono hauwezi kuirudisha. Unachoacha ni chembe zake kwenye vinyweleo vya chuma, na petroli haizitoi. Hata silinda iliyochongwa vizuri kwenye mashine huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hufutwa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, kisha hupakwa oili papo hapo.

Kipenyo cha silinda ya CG125 ni milimita 56.5. Ukikuta 56.6 popote, peleka ichongwe na ununue pistoni ya saizi inayofuata pamoja na ringi zake. Saizi hupanda kwa robo milimita. Kama ringi za zamani ziko mkononi, iingize moja ndani ya silinda, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ukizidi nusu milimita, imekwisha.

Oili nzito nayo ni kufunika kidonda bila kukiosha: kwenye baridi ya asubuhi inachelewa kufika juu, palepale panapolika. Na usikubali oili ya gari kwa sababu ni bei rahisi. Klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Honda waliitoa injini hii mwaka 1976, valvu zikisukumwa kwa fimbo badala ya mnyororo wa kamu, wakijua itaenda kwa watu wanaochelewesha matunzo. Pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zimeiga umbo hilohilo, kwa hiyo uganga wa msasa unawaumiza madereva wanaotegemea injini kula. Uvumilivu wa injini ndio unaowapa waganga hawa sifa: inakubali ujinga wiki tatu, nne, fundi kashalipwa.

Wewe umeshafanya kazi ya mikono yako mpaka ikawaka, na utamu wake unaujua. Usimwachie mwenye msasa dakika za mwisho. Fungua kichwa, tikisa kila valvu ndani ya gaidi yake, pima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Andika namba sita hizo kwenye daftari, uniandikie kabla hujaenda dukani.