Mchoraji wa Kidachi au wa Kiholanzi?

Msomaji mmoja ameandika makala fupi kuhusu maonyesho ya Judith Leyster, yale yaliyoanzia Washington 2009 halafu yakahamia Haarlem, akamwita "mchoraji wa Kidachi aliyevumbuliwa upya". Rafiki yake kamcheka, sasa anauliza kosa liko wapi.

Rafiki yako kacheka kwa haki, ila angekwambia na sababu bana. Mdachi kwa Kiswahili ni Mjerumani. Mzee wa Tanganyika akisema "enzi za Mdachi" anamaanisha ule utawala wa Wajerumani ulioondoka na vita vya kwanza vya dunia, Mholanzi hayumo kabisa. Neno limetokana na Deutsch, ndivyo Wajerumani wanavyojiita wenyewe, watu wakalisikia wakalitia M- mbele basi ikawa Mdachi. We umesoma Dutch kwenye Kiingereza, sikio likakwambia Dachi, ukanasa. Sikulaumu sana maana Dutch na Deutsch ni ndugu wa tumbo moja, na zamani Waingereza nao waliwaita hata Wajerumani Dutch. Lakini Judith kazaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1609, kwa hiyo ni Mholanzi na uchoraji wake ni wa Kiholanzi.

Sasa hiyo "aliyevumbuliwa". Najua kamusi zinaweka vumbua na gundua karibu karibu, ila siku hizi ukisema fulani kavumbua kitu wengi wanawaza mashine au dawa, kitu ambacho hakikuwepo. Mtu havumbuliwi. Gundua ni afadhali, maana yake kilikuwepo ila hamkukiona, kama konda anavyokugundua huna nauli.

Ila mimi hata "aliyegunduliwa" hainikai vizuri sana kwa huyu mama, kwa sababu enzi zake alijulikana, 1633 alikuwa tayari ndani ya chama cha wachoraji wa Haarlem na alikuwa na wanafunzi wake. Alipofariki 1660 ndo jina likaanza kufutika, picha zake zikawa zinauzwa kama za Frans Hals, mchoraji mwenye jina kubwa wa hapo Haarlem, au za mumewe Jan Miense Molenaer, naye mchoraji. Mpaka 1893, picha iliyodhaniwa ni ya Hals ikakutwa ina alama ya herufi J na L na kinyota, maana Leyster ni jina la nyota inayoongoza njia, na mtaalamu Hofstede de Groot ndo akamtambua mwenyewe ni nani.

Kwa hiyo mimi ningeandika "aliyeibuliwa". Kuibua ni kukitoa juu kitu kilichozama, na saini yake ilikuwa imezama hasa, chini ya jina la mwanaume mwingine. Andika: "Maonyesho ya Judith Leyster, mchoraji wa Kiholanzi aliyeibuliwa upya." Hapo rafiki yako atafute kingine cha kucheka.