Maswali na Majibu: Kamishna si askari, na wala si mjomba wako

Tangu serikali ya Uingereza itangaze Novemba 2025 kwamba inawafuta makamishna wa polisi na uhalifu, barua zimenijaa. Watu ambao miaka 13 hawakujua kazi hiyo ipo sasa wanaililia kama marehemu. Kwa walio mbali: ni mtu anayepigiwa kura na wananchi, England na Wales, asimamie jeshi la polisi la eneo lake. Nimechagua barua chache. Nyingine nimezitupa kwa sababu zote ziliuliza kama kamishna anaweza kumtoa mtu mahabusu. Hawezi.

Mwanangu ana miaka 17. Amesimamishwa na kupekuliwa mara tatu akitoka mazoezini. Nimeambiwa nimwandikie kamishna awaite hao askari awakanye. Barua naianzaje? (Mama wa watatu, Slough)

Pole dada. Barua usiianze hivyo, maana unamwomba kitu alichokatazwa. Sheria ya 2011 iliyomzaa kamishna ilimpa mambo makubwa matatu: kumwajiri na kumwondoa mkuu wa polisi wa eneo, kupanga bajeti pamoja na kile kiasi cha polisi unachokiona kwenye kodi ya kaunsili, yaani halmashauri, na kuandika mpango wa vipaumbele. Nani asimamishwe barabarani, nani akamatwe, nani aachiwe: hapo haingizi mguu. Hayo ni ya mkuu wa polisi na askari wake.

Neno lenyewe linatuponza. Mtanzania akisikia "kamishna" anaona nyota mabegani. Mkenya anamwona kamishna wa kaunti na sare yake ya kaki. Huyu wa hapa havai sare wala hana pingu. Ni mwanasiasa mwenye ofisi na wafanyakazi.

Fanya hivi. Kila kijana anapopekuliwa ana haki ya kupata rekodi ya upekuzi ule. Kama hakupewa palepale, mna miezi mitatu ya kuidai. Mfundishe akariri namba iliyo begani mwa askari, si kubishana naye. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa polisi wenyewe. Majibu yakija na hujaridhika, barua itakuambia rufaa yako inakwenda wapi: malalamiko mazito huenda IOPC, ofisi huru inayochunguza mwenendo wa polisi, na mengi ya kawaida, tangu 2020, huenda ofisi ya kamishna. Hapo ndipo unapomhitaji, na una siku 28 tu. Sisi hodari wa kuibandika barua kwenye friji kwa sumaku ya Zanzibar mpaka siku zinakwisha.

Ukitaka kumwandikia zaidi ya hapo, usiandike peke yako. Andikeni kina mama kumi, mumuulize vijana weusi wa Slough wamepekuliwa mara ngapi mwaka huu, wangapi walikutwa na kitu, na yeye amemwambia nini mkuu wa polisi juu ya hilo. Hilo analazimika kulijali, kwa sababu kumhoji mkuu wa polisi ndiyo kazi anayolipwa.

Na yule bwana wa msikitini, au wa kanisani, wapo kote, anayedai paundi 50 kwa kuwa "ana namba ya kamishna", mwambie namba hiyo iko kwenye tovuti ya kamishna, bure.

Nina pasipoti ya Kenya, sijachukua uraia. Naruhusiwa kupiga kura hiyo? (Leicester)

Ndiyo. Nilijibu 2016, nikajibu 2021, nikajibu 2024. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuishi hapa wanapiga kura: Mkenya, Mtanzania, Mganda na hata Mnyarwanda, ambaye nchi yake iliingia 2009. Jiandikishe. Siku ya kura beba pasipoti hiyohiyo, inakubalika hata ikiwa imekwisha muda, mradi sura iwe bado ni yako. Bila kitambulisho utarudishwa, kama alivyorudishwa Boris Johnson huko South Oxfordshire Mei 2024, alipokwenda kumchagua kamishna mikono mitupu. Sheria ya kitambulisho ilipitishwa yeye akiwa Waziri Mkuu.

Mimi ni Mkongo, nina miaka 12 Manchester, nalipa kodi zote. Kamishna wangu ni nani na kwa nini sijawahi kumpigia kura? (Manchester)

Huna kamishna. Manchester mamlaka hayo yapo kwa meya tangu 2017, kama London yalivyo kwa meya wake. Na Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kura utaipata siku utakapochukua uraia. Kwamba Mtanzania aliyefika mwaka jana anapiga kura na wewe wa miaka 12 hupigi, ni kioja, lakini si mimi niliyeitawala dunia nikaigawa.

Nataka kugombea. Rafiki ananitisha kwamba kosa langu la kuendesha nimelewa, la 1994, litanizuia. Si lilishafutika? (Birmingham)

Rafiki yako msikilize. Sheria hii ni kali kuliko zote: ukiwahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo *lingeweza* kukupeleka jela, umetoka, hata kama ulilipa faini ukaenda nyumbani, hata kama ulikuwa mtoto. Mwaka 2012 mgombea mmoja wa Labour, Bob Ashford, alijitoa kwa ajili ya kosa alilotozwa faini akiwa na miaka 13, mwaka 1966. Mwaka 2021 huko Wiltshire, Jonathon Seed wa Conservative alipata kura nyingi kuliko wote, kumbe alikuwa na kosa la zamani la kuendesha amelewa, kama lako. Hakuapishwa. Uchaguzi ukarudiwa Agosti, na wananchi wakaulipia upya.

Linganisha na ubunge. Mbunge anazuiwa ikiwa anatumikia kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba kwa kosa lako unaweza kuwa Waziri Mkuu, ukaongoza majeshi, lakini huwezi kukagua bajeti ya polisi wa Birmingham.

Halafu kuna dhamana ya paundi 5,000, ambayo hurudishiwi ukipata chini ya asilimia 5 ya kura. Ya ubunge ni 500. Mtunga sheria alisema anataka watu huru, wasio wa vyama, kisha akaweka bei ambayo chama ndicho kinaimudu.

Mbona sisi tusifanye hivi? Wananchi wamchague RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, asipowajibika wamwondoe. Andika juu ya hilo mwalimu. (Dar es Salaam)

Ndugu yangu, umechanganya vitu viwili. Kinachofanana na RPC Uingereza ni yule mkuu wa polisi, naye hachaguliwi na raia. Ni askari wa kazi. Anayechaguliwa ni msimamizi wake.

Unachokitaka wewe ni sherifu wa Marekani, ambaye kura ndiyo inampa bunduki na gereza. Kabla ya kumtamani, mtazame Joe Arpaio wa Maricopa, Arizona. Alichaguliwa mara sita, akakaa kutoka 1993 hadi 2016, wafungwa akiwalaza kwenye mahema katika jua la jangwani. Mwaka 2013 jaji wa serikali kuu aliona ofisi yake iliwabagua Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2017 akatiwa hatiani kwa kudharau amri ya mahakama, na Rais Trump akamsamehe. Walio wengi walimpenda, na walio wachache ndio waliosimamishwa barabarani.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na akae mahabusu hadi saa 48. Wote wawili huteuliwa, hakuna mwananchi aliyewapigia kura. Yule wa Uingereza, aliyepigiwa kura na maelfu, hawezi kuamuru akamatwe hata mwizi wa kuku. Wetu anaweza kunyoosha kidole mkutanoni na mtu akapanda gari la polisi. Kabla ya kuomba sanduku la kura, omba kidole hicho kikatwe. Hilo halihitaji uchaguzi, linahitaji Bunge kufuta vifungu viwili.

Na mimi si mwalimu, lakini asante.

Kenya je? Gavana ana sauti gani kwa polisi? (Mombasa)

Kwenye karatasi, anayo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaunda mamlaka ya polisi ya kaunti, mwenyekiti ni gavana au anayemteua, pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi, serikali kuu na magavana wakivutana, kaunti nyingi hazikuona kikao. Katiba yenu, kifungu cha 245, inakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali nani achunguzwe au akamatwe. Waziri anatoa mwongozo wa sera tu, kwa maandishi. Maneno hayo ni mazuri kuliko ya Uingereza. Muulizeni gavana wenu kikao cha mwisho kilikuwa lini, na mumwombe muhtasari wake.

Kamishna akiharibu, nani anamtoa kabla ya miaka minne? (Sheffield)

Wewe wa Sheffield unalijua jibu, unataka tu niliseme mimi. Hakuna.

Agosti 2014 ripoti juu ya mji wa Rotherham ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono kati ya 1997 na 2013, na waliopaswa kuwalinda wakaangalia pembeni. Kamishna wa South Yorkshire, eneo lenye Sheffield na Rotherham, wakati huo alikuwa Shaun Wright, ambaye kuanzia 2005 hadi 2010 alikuwa diwani wa Rotherham mwenye dhamana ya huduma za watoto. Waziri Mkuu David Cameron alimtaka aondoke. Chama chake mwenyewe, Labour, kilimtaka aondoke, akajitoa chamani akabaki ofisini. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani aliyeipeleka sheria hii bungeni, naye alimtaka aondoke, ndipo akagundua sheria yake haikumpa yeye wala mtu mwingine ufunguo wa mlango huo. Jopo la madiwani linalomwangalia kamishna linaweza kumsimamisha pale tu anaposhitakiwa kwa kosa lenye kifungo cha zaidi ya miaka miwili. Aibu si kosa la jinai. Alikaa mpaka Septemba 16, wiki tatu, watu wakimzomea hadharani, akatoka kwa hiari yake.

Kura ya kumrithi ilipigwa Oktoba 30. Waliojitokeza ni kama asilimia 15. Baada ya yote hayo, asilimia 15!

Ndiyo maana nawachosha kila mara na jambo hilihili: mnaposoma katiba ya kitu chochote, hata ya chama cha kuzikana, anzeni na kifungu cha kumwondoa mwenyekiti. Cha kumchagua hakikosekani kamwe.

Sasa wanafutwa. Unafurahi? Maana umewasema sana. (Reading)

Nimewasema, kweli. Novemba 15, 2012 nilikwenda kupiga kura saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, ukumbi wa kanisa una baridi ya kaburi. Makarani wawili na birika la chai. Nilipoingia mmoja alishtuka kama mwenye duka aliyesahau kufunga. Karatasi ilikuwa na safu mbili, chaguo la kwanza na la pili, na sikumjua mtu hata mmoja humo, kwa sababu serikali ilikataa kugharamia vipeperushi vya wagombea kwa posta, ikatuambia tukasome kwenye intaneti. Nchi nzima walijitokeza kama asilimia 15. Huko Bettws, Newport, kituo kimoja kilifunguliwa asubuhi, kikafungwa usiku, hakikupata mpigakura hata mmoja.

Lakini sifurahi. Wakimaliza muda wao Mei 2028, kazi yao inakwenda kwa mameya, na pasipo na meya itakwenda kwa bodi za viongozi wa kaunsili. Meya ana mabasi, nyumba, ajira, na sasa polisi. Mwana wa mtu akipekuliwa mara tatu Slough, suala lake litakuwa la ngapi mezani? Na bodi ndiyo tuliyotoka nayo. Kabla ya 2012 kulikuwa na mamlaka za polisi, madiwani na wateule wengine, na katika miaka yangu yote hapa sikukutana na mtu aliyeweza kunitajia jina la mjumbe mmoja. Kamishna angalau ana jina. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa mmoja wao na wananchi. Tulikuwa watu kumi na mmoja ukumbini, wanne wakiwa wafanyakazi wake. Mzee mmoja Mjamaika alisimama akamwuliza kwa nini kituo cha polisi cha mtaani kwao kimefungwa, akakataa kukaa mpaka ajibiwe, na alijibiwa, kwa namba, mbele yetu. Bodi utaisimamia mbele ya nani?

Kasoro ilikuwa ule mlango usio na ufunguo. Wangeweza kuuwekea ufunguo.

Nimepata faini ya mwendokasi. Kamishna anaweza kuifuta? (Milton Keynes)

Hapana. Ukipewa nafasi ya kwenda kozi ya udereva badala ya pointi kwenye leseni, nenda kozi.