Kuingia Ubuntu bila nywila

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuifanya kompyuta ya mezani yenye Ubuntu (mfumo endeshi wa aina ya Linux) ifunguke bila kudai nywila, na kwa nini programu uliyotaka ianze yenyewe haianzi. Kwa la kwanza, fungua kwa mamlaka ya msimamizi faili /etc/gdm3/custom.conf, kisha chini ya sehemu yenye kichwa [daemon] uandike AutomaticLoginEnable=true na, katika mstari unaofuata, AutomaticLogin= ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji; alama ya # iliyotangulia mistari hiyo iondoe, maana ikibaki mfumo huipuuza. Usishangae kivinjari kama Chrome kikikuomba nywila kinapofunguliwa mara ya kwanza, kwa sababu hifadhi ya siri (keyring), mahali mfumo unapotunza nywila zako, hufunguliwa kwa nywila unayoiandika wakati wa kuingia, na sasa hukuandika yoyote. Binafsi nisingethubutu kufanya hivyo kwenye mashine ya ofisini. Kuhusu programu, faili yake ya kuianzisha, inayoishia na .desktop, inapaswa kuwa ndani ya ~/.config/autostart (alama ~ ni folda yako ya nyumbani), na ikiwa programu imo katika folda hiyo ya nyumbani, mstari wa Exec, unaotaja amri ya kuendeshwa, utaje njia kamili kuanzia /home, kwani ufupisho wa ~ haufanyi kazi hapo.